Kutafuta maiki isiyochosha sikio

Ninapoulizwa ni maiki gani ya kondensa inayofaa kurekodia waimbaji, mimi hurudisha swali: wimbo wako utakuwa na tabaka ngapi za sauti? Anayeuliza huwa ametarajia jina la kampuni na namba ya modeli, na huko nitafika. Lakini kwanza tabaka. Nyimbo nyingi tunazorekodi leo hazina sauti moja. Kuna sauti kuu, kuna nyingine iliyoimbwa juu yake ili kuinenepesha, kuna viitikio vya kushoto na kulia, kuna vikorombwezo vya hapa na pale. Mara nyingi zote hupita kwenye maiki ile ile, ndani ya chumba kile kile.

Maiki ikiwa imezidisha sauti za juu kwa desibeli tano (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tuseme, kila tabaka litakuja na ziada hiyo mahali pale pale. Hesabu ya desibeli haipandi, ziada inabaki tano, lakini wimbo mzima unaegemea upande mmoja na hakuna tabaka hata moja la kuupoza. Ndiyo maana maiki inayong'ara sana ukiijaribu kwa mstari mmoja wa wimbo inaweza kukuchosha sikio kabla hujamaliza kuchanganya kiitikio. Mimi natafuta ile ambayo, baada ya tabaka la kumi, bado nina hamu ya kuisikiliza. Mengine yote kwangu yanafuata hapo.

Tuanze na kilichomo ndani. Kichwani mwa maiki ya kondensa mna kapsuli: utando wa plastiki wenye unene wa mikroni chache, uliopakwa dhahabu ili upitishe umeme, umetandazwa mbele ya bamba la chuma lenye matundu. Kati yake na bamba pana mwanya mwembamba kuliko unywele. Utando na bamba vikipewa chaji ya umeme, kila mara sauti inapousukuma utando, mwanya hubadilika, na volti hubadilika pamoja nao. Wazo hili si geni. E. C. Wente alitengeneza kondensa ya kwanza mwaka 1916 akiwa Western Electric huko Marekani, na mwaka 1928 Georg Neumann alianza kuuza CMV 3 kutoka Berlin.

Tunaposema diaframu kubwa, tunamaanisha utando wenye kipenyo cha sentimita mbili na nusu hivi. Wengi huamini kwamba ukubwa huo ndio unaoipa maiki besi nene. Sivyo. Kuna maiki za diaframu ndogo za omni, yaani zinazosikia pande zote, zinazoshuka chini kabisa bila shida. Unene tunaousikia unatokana zaidi na athari ya ukaribu: maiki yenye kusikiliza upande mmoja huongeza besi kadiri mwimbaji anavyoisogelea. Faida halisi ya ukubwa ni kwamba utando mpana hutoa umeme mwingi zaidi, kwa hiyo kelele ya maiki yenyewe hubaki chini.

Ukubwa huo una gharama yake, na gharama yenyewe ndiyo sehemu ya utamu wa maiki hizi. Wimbi la sauti la kilohezi 10 lina urefu wa sentimita tatu na nusu hivi, karibu sawa na upana wa kapsuli yenyewe. Sauti ikitoka mbele moja kwa moja, hakuna tatizo. Ikija kwa pembeni, sehemu moja ya utando husukumwa wakati nyingine inavutwa, na sauti za juu hupungua. Ndiyo sababu mwimbaji akigeuza kichwa kidogo tu rangi ya sauti yake hubadilika. Fundi anayelijua hilo hulitumia: anamweka mwimbaji kando kidogo ya mhimili wa maiki, na ukali unapungua bila kugusa ikwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha sauti za juu au za chini.

Ukitaka kuelewa maiki zinazouzwa leo, zifahamu koo tatu za kapsuli. Ukoo wa kwanza ni wa Neumann U 47, iliyotoka mwaka 1949 ikiwa na kapsuli ya M 7 na vali, ile taa ya kioo inayokuza umeme, iitwayo VF 14. Baadaye kapsuli hiyo ilirithiwa na K 47. Sauti zake za kati ziko mbele, zina mwili, na sauti za juu hazijivuni. Frank Sinatra alirekodi sana mbele ya U 47 katika studio za Capitol, na hadi leo mtu akisema anataka sauti inayosimama mbele ya bendi nzima, akili yangu huenda huko kwanza. Ukoo wa pili ni wa AKG C 12 ya mwaka 1953, kutoka Vienna, yenye kapsuli ya CK 12. Utando wake haukufungwa kwa skrubu katikati kama ule wa Neumann. Ina hewa juu, ina wepesi. Kapsuli hiyo ndiyo iliyotumika pia kwenye ELA M 251 iliyouzwa na Telefunken.

Ukoo wa tatu nataka nikae nao, kwa sababu ndio uliojaza studio ndogo duniani kote, na kuna jambo lake ambalo wauzaji hawalitaji. Mwaka 1960 Neumann walitoa U 67 yenye kapsuli mpya, K 67. Mwaka 1967 ikaja U 87, ambayo badala ya vali ilitumia transista na ambayo pengine ndiyo maiki ya studio iliyopigwa picha kuliko zote. Kapsuli ya K 67 ukiisikia peke yake ina sauti za juu zilizopanda sana. Wabunifu walijua. Mzunguko wa umeme ulio ndani ya maiki ulitengenezwa ili kuzishusha tena sauti hizo: kapsuli inapandisha, saketi inashusha, na njiani kelele ya saketi inashushwa pia. Matokeo yakawa maiki yenye mng'ao wa kiasi, na sauti za kati zinazojulikana papo hapo.

Baadaye viwanda vingi vilijifunza kutengeneza kapsuli za umbo la K 67 kwa wingi na kwa bei nafuu. Kapsuli ilinakiliwa, ila saketi ya kushusha haikunakiliwa. Wengi waliiweka kapsuli ile kwenye saketi iliyonyooka, inayopitisha kila kitu kama kilivyo. Basi sauti za juu zikapanda, na hakuna cha kuzirudisha chini. Ukali ule wa maiki nyingi za bei ndogo, ule unaoukuta kwenye kila "s" na "sh" na kwenye kila tuazi, chanzo chake kikubwa ni hicho. Ubora wa chuma au nchi ya kiwanda havina uzito sawa na ndoa hiyo ya kapsuli na saketi. Na kuna habari njema ndani yake: zipo maiki za bei ya wastani ambazo wabunifu wake walilizingatia hilo, wakatumia kapsuli ya umbo la K 47 au wakaipa K 67 saketi inayostahili, na zinasikika kwa heshima kubwa. Ukisoma maelezo ya maiki, tafuta kapsuli ni ya ukoo gani na saketi inaifanyia nini. Mtengenezaji asiposema lolote, masikio yako yatasema.

Ila masikio hudanganyika kirahisi, na hapa naomba uvumilivu wako. Maiki mbili zikiwekwa sambamba, ile yenye sauti kubwa kidogo itaonekana bora. Tofauti ya desibeli moja inatosha kumfanya mtu aape kwamba moja ina kina na uwazi zaidi. Kwa hiyo ninapolinganisha, kwanza naziweka kapsuli karibu kabisa, moja juu ya nyingine, mwimbaji akiwa umbali wa sentimita 20 au zaidi, na ninarekodi zote mbili kwa wakati mmoja. Kumfanya aimbe mara mbili hakufai, kwa kuwa hakuna anayeimba mara mbili sawa. Kisha nasawazisha viwango kwa kupima, kwa namba, si kwa kukadiria. Mwisho namwomba mtu mwingine abadilishe majina ya mafaili ili nisijue ipi ni ipi, na nasikiliza kesho yake.

Nasikiliza nini? "S" kwanza. Mwombe mwimbaji aseme kwa kasi "sisi sote siku sita" au sentensi yoyote iliyosheheni s, z na sh. Lugha yetu ina nyingi, hutahangaika. Ukali wa herufi hizo uko kati ya kilohezi 5 na 10, eneo lile lile ambalo maiki hizi hupenda kulipandisha. Maiki nzuri hukufanya usikie kwamba ni s na uendelee na safari. Maiki mbaya hukufanya uitambue kila moja. Halafu pumzi: "pipa", "popo", "pembe". Zote zitapiga kishindo ukizikaribia sana, lakini nyingine hupiga kwa kina kinachotisha, na hapo ujue utakuwa mtumwa wa pop filta, ule wavu wa kuzuia pumzi mbele ya maiki. Kisha nageuza maiki nyuzi 45 hivi na kusema maneno yale yale. Natarajia sauti ipungue na kufifia kidogo juu. Ikigeuka kuwa ya ndani ya mtungi, naiweka kando, maana sauti hiyo ya pembeni ndiyo ambayo kuta za chumba zitaiingiza kwenye rekodi.

Na mwisho wa yote, tabaka. Rekodi kiitikio mara nne, sita, nane kwa kila maiki, kisha zipandishe zote pamoja na biti. Maiki nyingi zilizoshinda kwenye mstari mmoja hushindwa hapa. Jaribio hili huchukua muda, na ndilo ninaloliamini kuliko yote.

Nimetaja chumba. Kama una bajeti moja tu na kuta tupu, sehemu kubwa ya bajeti hiyo nenda kaiweke ukutani. Kondensa ni nyepesi kuhisi, inanasa unachotaka na usichotaka, na kinachoficha ukweli huu ni kwamba rekodi mbichi mara nyingi husikika sawa tu. Tatizo linajitokeza kwenye kuchanganya. Kompresa, kifaa kinachopunguza sauti zinapokuwa kubwa, ikiminya sauti kwa desibeli 10 na wewe ukairudisha juu kwa kiasi hicho, mwangwi wa chumba uliojificha kati ya maneno unapanda nao kwa karibu desibeli 10. Ghafla mwimbaji yuko bafuni.

Watu hununua kinga ile ya nusu duara inayowekwa nyuma ya maiki. Inasaidia kidogo, kwa kuwa inazuia sehemu ya sauti ya mwimbaji isiende kugonga kuta. Lakini fikiria maiki ya kadioidi inasikiliza wapi: mbele, kwa mwimbaji, na kwa ukuta ulio nyuma ya mwimbaji. Nyuma yake yenyewe ndiko inakosikia kidogo kuliko kote. Kwa hiyo kitambaa kizito, godoro, au paneli nene viende nyuma ya mgongo wa anayeimba kwanza. Na viwe vinene. Sponji ya sentimita mbili au tatu hunyonya sauti za juu na kuziacha za kati na za chini zikizunguka, ndipo unapata ile sauti ya sanduku ambayo hakuna maiki itakayoiponya.

Kuhusu namba za karatasini, nitakuwa mfupi. Kelele ya ndani ya maiki hupimwa kwa desibeli za uzani wa A, yaani zilizorekebishwa zifuate usikivu wa sikio, na ndogo ni bora. Neumann U 87 Ai, toleo la baadaye la U 87, ina 12 kwenye kadioidi, TLM 103 ina 7, Røde NT1-A ina 5. Ukiamini namba hiyo peke yake utahitimisha kwamba U 87 ndiyo dhaifu kati ya hizo tatu, wakati ndiyo inayotafutwa zaidi na studio kubwa. Chumba kilichotulia cha nyumbani huwa na kelele ya desibeli 30 hivi, na mwimbaji aliye karibu anaimeza yote. Namba hii inakuwa na maana ukirekodi gitaa la nyuzi za nailoni linalopigwa taratibu, au msimulizi wa hadithi anayenong'ona kwenye chumba kilichotengenezwa vizuri. Kinyume chake ni kiwango cha juu cha sauti ambacho maiki huvumilia kabla rekodi haijaanza kukwaruza: U 87 Ai huvumilia 117 bila swichi ya kupunguza, TLM 103 huvumilia 138. Kama unarekodi ngoma kwa karibu, tarumbeta, au mwimbaji wa kwaya mwenye kifua, angalia namba hii na uangalie kama kuna swichi ya kupunguza desibeli 10.

Mikunjo ya mwitikio, ile michoro ya jinsi maiki inavyosikia kuanzia sauti za chini hadi za juu, inayochorwa kwenye vijikaratasi siiamini sana. Huwa imelainishwa, na huonyesha sauti inayotoka mbele tu.

Swali la maiki ya umbo moja au ya maumbo mengi, umbo likiwa ni pande ambazo maiki inasikia, linastahili zaidi ya linavyopewa. Maiki ya kadioidi pekee inatosha kwa anayerekodi sauti yake peke yake chumbani. Lakini omni ni zawadi kubwa ukiwa na chumba kizuri: haina athari ya ukaribu, kwa hiyo mwimbaji anaweza kuisogelea sana bila besi kufurika, na gitaa au kinubi hupumua mbele yake. Umbo la nane husikia mbele na nyuma na kuziba pande mbili kabisa. Mtu anayeimba huku anapiga gitaa akiwekewa umbo la nane, upande wake uliozibwa ukilenga gitaa, unapata sauti ya mdomo ambayo unaweza kuishughulikia bila gitaa kufuata nyuma. Kitu kama AKG C 414 ya siku hizi, yenye maumbo tisa, huweza kukufanyia kazi miaka mingi kwa sababu hiyo. Ikiwa unajenga studio ya kupokea watu wa kila aina, ningependa uwe na maiki moja ya maumbo mengi kuliko mbili za kadioidi zinazofanana.

Vali au transista? Vali inaweza kuongeza utamu kidogo inapobanwa, lakini wengi husikia kapsuli na kuisifu vali. Maiki ya vali huja na sanduku lake la umeme na kebo yake ya pini nyingi, huhitaji kupata moto, na vali huchakaa. Kama ndiyo maiki yako ya kwanza na ya pekee, chukua ya transista. Hiyo itahitaji fantomu ya volti 48, yaani umeme unaotumwa kwa maiki kupitia kebo yake ile ile ya sauti, utaratibu ambao Neumann waliuleta mwaka 1966 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norwei na ambao sasa uko kwenye karibu kila kadi ya sauti. Hakikisha ni volti 48 kweli. Vifaa vingine vidogo hutoa pungufu, na maiki nyingi zikinyimwa volti sauti yake huanza kukwaruza mapema.

Pia kuna sauti ambazo hazitaki kondensa hata kidogo. Mwimbaji mkali wa sauti ya juu, rapa anayepiga kelele, chumba kisichoweza kutengenezwa kwa namna yoyote: hapo maiki ya dainamiki, inayotumia koili na sumaku badala ya chaji, huwa jibu sahihi. Fundi sauti Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7 kwenye albamu ya Thriller ya mwaka 1982, katika studio ambayo haikukosa kondensa. Mlete mwimbaji wako mbele ya maiki kadhaa na uache sauti yake ichague. Nimeona maiki iliyomfanya mwanamke mwenye sauti nyepesi asikike mzito na mtulivu ikimfunika kabisa dada yake mwenye sauti ya chini.

Ukinunua iliyotumika, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Vaa hedifoni, washa fantomu, subiri dakika kadhaa, kisha pumua taratibu kwenye kapsuli kwa karibu. Unyevu wa pumzi utafichua kapsuli chafu: utasikia mikwaruzo, milio kama ya kitu kinachokaangika, au sauti itayeyuka kabisa kwa muda. Kama ni ya maumbo mengi, iweke kwenye omni au umbo la nane, ongea mbele, kisha nyuma, kwa umbali ule ule. Pande mbili zikitofautiana sana kwa kiwango au rangi, utando mmoja umeumia. Piga tochi kupitia wavu uone kama dhahabu imechubuka au kuna mikunjo. Ukiona vumbi au madoa, usijaribu kuyafuta mwenyewe, hata kwa pamba. Tabaka la dhahabu ni jembamba kiasi kwamba mguso mmoja hulitoa, na kapsuli ikishachubuka fundi hana la kufanya isipokuwa kuweka utando mpya, kazi ambayo mafundi wachache wanaiweza. Unyevu unaozoeleka hewani nao huanza kuharibu kwa namna hiyo hiyo, polepole, kwa hiyo kazi ikiisha irudishe maiki kwenye sanduku lake pamoja na kifuko cha jeli ya silika, na kifuko hicho ukibadilishe kikishajaa maji.